Afisa Mikopo Anaona Nini Anapokuta Mikeka Kwenye Taarifa Yako ya Benki

Anayeomba mkopo wa nyumba hapa Arusha huambiwa alete taarifa ya benki ya miezi sita, na mara nyingine ya mwaka mzima, naye hudhani kinachotafutwa humo ni mshahara tu: kama umeingia, ni kiasi gani, na umeingia tarehe ngapi. Nilikaa kwa miaka mingi upande wa pili wa meza hiyo, katika benki ambayo sina haja ya kuitaja, na mstari wa mshahara ndio ulionichukulia muda mfupi kuliko mistari yote, kwa sababu barua ya mwajiri na hati za mshahara zilikuwa zimekwisha kunieleza habari hiyo. Taarifa ya benki nilikuwa nikiisoma ili nijue mshahara ulikwenda wapi baada ya kuingia. Katika miaka yangu ya mwisho kazini, jibu la swali hilo, hasa kwa waombaji vijana, mara nyingi lilikuwa kampuni za kubeti.

Siandiki haya kwa niaba ya mchungaji wala shehe. Michezo ya kubahatisha ni halali nchini kwa mtu aliyetimiza miaka 18, inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na kampuni zenye leseni hulipa kodi. Katika mwongozo wa mikopo niliofanyia kazi haikuwamo sentensi isemayo kwamba anayebeti anyimwe. Hata hivyo nimeona maombi mengi yakikwama kwa sababu ya kubeti, na wenyewe wakaondoka wakiamini kwamba benki inachukia kamari. Kilichowakwamisha kilikuwa kitu kingine, nacho kinaeleweka vizuri zaidi mtu akianza na mkopo wenyewe.

Mkopo wa nyumba wa muda mrefu bado ni jambo geni kwetu. Kabla ya mwaka 2010, ilipoanzishwa kampuni ya TMRC kwa ajili ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu, ilikuwa vigumu kwa mtu wa kawaida kupata mahali pa kukopa nyumba na kulipa kwa miaka 20. Leo inawezekana, lakini riba iko juu, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 40, fedha ambazo hapa kwetu hazinunui jumba, bali zinamsaidia mtu kumalizia nyumba ya kawaida huko Moshono au Olasiti. Kwa riba ya asilimia 16 na muda wa miaka 20, rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 556,500, na hadi mwisho mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya milioni 133. Afisa anayesoma faili lako anajiuliza kama fedha hizo zitapatikana mara 240 mfululizo, kupitia ada za shule, misiba, magonjwa na miezi mibaya ya kazi. Akiona mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa shilingi 2,000 hapotezi muda nao. Shida yake ni kwamba kubeti hubadilisha sura ya taarifa nzima, hata mistari isiyohusiana na kubeti kabisa.

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Baada ya kuacha kazi ya benki nimekuwa nikiwasaidia watu kupanga nyaraka zao kabla ya kwenda kuomba mkopo, na kijana mmoja wa Sakina, hapa Arusha, mwajiriwa wa kampuni ya utalii, alinijia akiwa ameshakataliwa mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na taarifa zote, ya benki na ya simu?"

"Ya benki ninayo. Ya simu hawakuniomba."

"Basi naiomba mimi. Itoe tuzisome zote mbili."

Katika taarifa ya benki, mwezi ulianza tarehe 25 kwa mshahara wa shilingi 1,450,000. Usiku uleule shilingi 50,000 zilihamia kwenye simu. Kesho yake alitoa 300,000 kwenye mashine. Jumamosi kulikuwa na uhamisho wa 30,000, halafu 20,000, halafu 20,000 nyingine kabla ya saa sita mchana, 50,000 saa kumi na moja jioni, na 100,000 saa tano usiku. Jumapili 80,000. Jumanne na Jumatano, siku za mechi za mabingwa wa Ulaya, zilikuwapo tena. Ukijumlisha, shilingi 610,000 zilikuwa zimehamia kwenye simu, na pamoja na matumizi mengine, ilipofika tarehe 6 salio lilikuwa shilingi 4,312. Kuanzia hapo hadi mshahara mwingine akaunti ilikuwa ikiingiza elfu ishirini ya rafiki na elfu hamsini ya mkopo wa simu, na kutoka vilevile.

Tulipofungua taarifa ya simu, mambo yalikuwa tofauti na nilivyotarajia. Kati ya zile 610,000, zilizokwenda kwenye kampuni za kubeti zilikuwa 240,000, na ushindi uliorudi ulikuwa 95,000. Kwa hiyo mwezi ule kubeti kulimgharimu shilingi 145,000, yaani sehemu moja ya kumi ya mshahara wake. Nawajua watu wazima wenye nyumba mbili ambao baa huwala zaidi ya hapo, na hakuna benki iliyowauliza. Fedha nyingine alizohamishia kwenye simu zilikuwa umeme, gesi, matibabu ya mama yake kule Rombo, na mchango wa harusi. Lakini afisa aliyemkataa hakuwa na taarifa ya simu mbele yake. Alichoona ni mvua ya uhamisho kwenda kwenye simu usiku na siku za mechi, baadhi ikiwa imerudi na jina la kampuni ya kubeti kwa kuwa ushindi mmoja aliuomba uingie benki moja kwa moja, basi akaihesabu 610,000 yote kuwa ya kubeti. Na mimi ningekuwa mahali pake, nikiwa na faili nyingine thelathini zinanisubiri, ningefanya hivyohivyo.

Wengi hupitisha dau kwenye simu wakiamini kwamba wanaificha benki isione. Matokeo yake hufichika pia unga, maji na dawa, na anayesoma hana namna ya kutenganisha. Mtu anayebeti kidogo anaonekana mcheza kamari mkubwa kwa sababu ya njia aliyoichagua kujificha.

Kuna atakayeuliza, na yule kijana aliuliza: kama rejesho hukatwa siku ileile mshahara unapoingia, benki inajali nini salio la tarehe 6? Swali ni la haki. Baada ya makato angebakiwa na shilingi 893,500. Mtu ambaye taarifa yake inaonyesha kwamba 1,450,000 haifiki siku kumi na mbili, benki inajiuliza 893,500 itafika siku ngapi, na atakuwa akiishi na nini siku zinazobaki. Jibu huwa ni mikopo midogo, kisha mikopo ya kulipia mikopo, kisha siku moja mshahara unahamishiwa benki nyingine bila taarifa. Maafisa wamekwisha kuuona mlolongo huo. Kwa sababu hiyo waajiriwa wa serikali wana kanuni inayojulikana ya mshahara kubakiwa na theluthi moja baada ya makato, na benki nyingi hujiwekea kikomo kikali zaidi kwa sekta binafsi. Kikomo hicho kinahesabiwa kwenye karatasi, lakini salio la katikati ya mwezi ndilo linalomwonyesha afisa kama mtu anaweza kuishi ndani yake.

Anayesoma kwa makini hutofautisha pia aina za kubeti, ingawa haandiki hivyo kwenye ripoti. Anayeweka mkeka wa Jumamosi na Jumapili ana mtindo unaotabirika: kiasi kilekile, siku zilezile, na mwezi ambao ligi imesimama miamala inakauka. Huyo anafanana na mtu mwenye starehe yake. Mchezo wa kindege, ule wa kwenye simu ambao mtu huweka dau ndege ikipaa na kujaribu kutoa fedha kabla haijatoweka, ni habari nyingine. Hauna msimu wala ratiba ya ligi, na kwenye taarifa ya simu unajitokeza kama ukurasa mzima wa miamala ya 500, 1,000, 2,000, 5,000, 10,000, yote ndani ya saa moja, dau likipanda kila baada ya kupoteza. Niliwahi kuhesabu miamala kwenye ukurasa mmoja wa namna hiyo nikaachia njiani. Jumla yake ilikuwa ndogo kuliko dau la mkeka mmoja wa mtu mwingine, lakini ilinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ilionyesha mtu aliyekuwa akifuata hasara yake saa nane za usiku katikati ya wiki ya kazi. Afisa hana hesabu rasmi ya jambo hilo. Analiona tu, na kalamu inakuwa nzito.

Kubeti kwenyewe hakuandikwi kwenye taarifa za wakopaji zinazotunzwa na kampuni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, ambazo benki huziuliza kabla ya kutoa mkopo. Kinachoandikwa ni madeni. Mikopo ya kwenye simu inayotolewa kwa ushirikiano na benki huripotiwa, na aliyechelewesha elfu thelathini kwa miezi miwili atakuta jina lake limewekewa alama, kama aliyechelewesha milioni tatu. Hapo ndipo kubeti hupata mlango wa kuingia kwenye kumbukumbu ambazo peke yake kusingeingia. Mtu anakopa kwenye simu Ijumaa, anaweka dau Jumamosi, mkeka unachanika, na deni linamsubiri Jumatatu. Afisa akilinganisha tarehe za mkopo na tarehe za dau, na akiziona zimefuatana, hapo nitasema wazi kwamba maombi yamekufa, hata kama mwombaji ana mshahara mzuri. Sijawahi kuona kamati ikipitisha faili la namna hiyo, na sioni kwa nini ipitishe. Mikopo ya mtaani, ile ya kausha damu, haionekani kwenye kumbukumbu hizo, ila huonekana kwenye taarifa ya benki kama malipo ya kila siku au kila wiki kwa jina la mtu mmoja, na afisa yeyote wa mjini Arusha au Moshi anaijua sura yake.

Kuhusu kujificha, nitaje njia nilizokutana nazo ili anayezifikiria asijisumbue. Wapo wanaofungua akaunti ya pili kwa ajili ya kubeti. Uhamisho kwenda kwenye akaunti yenye jina lako mwenyewe ni mstari wa kwanza ambao afisa huuliza, na ataomba taarifa ya akaunti hiyo pia. Wapo wanaohariri taarifa kwenye kompyuta na kufuta mistari. Hilo ni kosa la jinai la kughushi, na benki huthibitisha nyaraka kwa benki iliyozitoa. Aliyekuwa na tatizo la kubeti sasa ana tatizo la polisi. Wapo pia wanaotumia laini ya simu ya mke au mume. Njia hiyo ina mzaha wake wa kusikitisha, kwa sababu nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaka benki ihakikishe ridhaa hiyo ipo. Kwa hiyo mwenzi huitwa, hukaa kwenye kiti cha pili, na karatasi huwekwa mezani mbele ya wote wawili. Ndoa kadhaa zimeijua hesabu yake halisi mbele yangu, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Jambo linalowashangaza watu zaidi ni ushindi. Mtu huja akiwa na furaha kwamba mwezi wa Februari aliingiza shilingi 3,400,000 za mkeka na wastani wake wa mapato umepanda. Benki huutoa ushindi wote kwenye hesabu ya mapato, kwa kuwa haujirudii kwa mpango wowote, na baada ya kuutoa inabaki kumwona mtu mwenye madau makubwa yasiyo na mapato ya kuyabeba. Ushindi uliotumika kama mchango wa mwombaji, yaani ile asilimia 10 hadi 20 ya thamani ya nyumba ambayo kwa kawaida hutakiwa aitoe mwenyewe, unakubalika ikiwa chanzo chake kinathibitika. Benki inabanwa na sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu, hivyo itataka kuona kwamba fedha zilitoka kwa kampuni yenye leseni, kodi ilikatwa, na zikaingia kwenye akaunti yako kwa jina lako. Anayeshinda kiasi kikubwa na ana nia ya nyumba aombe uthibitisho wa malipo kwa kampuni siku hiyohiyo, kisha aziache fedha zikae. Nimeona ushindi wa milioni ukiingia saa tatu asubuhi na kumalizika wiki hiyohiyo kwa kampuni ileile iliyoutoa, na mwenyewe akashangaa kwa nini ulimharibia kuliko kumsaidia.

Hapa Kaskazini kuna ugumu wa ziada ambao watu wa Dar es Salaam hawaufikirii sana. Mapato ya waongoza watalii, wapagazi wa Kilimanjaro na wapishi wa mlimani yanafuata misimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba mtu anaweza kuingiza kwa mwezi mmoja kile ambacho mwalimu hukipata kwa miezi minne, tena sehemu kubwa ikiwa bahashishi ya dola inayobadilishwa mjini na kuingizwa benki kidogo kidogo. Aprili na Mei mvua zikishika, akaunti inanyauka. Mapato ya namna hiyo yanakopesheka, kwa sababu afisa mzoefu huchukua taarifa ya miezi kumi na miwili, akatafuta wastani, akaangalia kama fedha za Agosti zilifika Mei. Muongoza watalii anayeweka akiba hadi Mei ni mteja mzuri kuliko wengi wanavyodhani, hasa baada ya mwaka 2020, ambapo Korona iliwazuia watalii kuja na kuonyesha nani alikuwa na akiba na nani hakuwa nayo. Lakini akibeti, wastani huo unavurugika. Fedha inayoingia kwa vipindi bila mpangilio inafanana sana na ushindi wa mikeka, na afisa asiyejua kazi ya utalii anaweza kuzichanganya. Ushauri wangu kwa watu wa kazi hiyo ni kuingiza bahashishi benki kila baada ya safari, kwa maelezo yanayotaja safari yenyewe, na kutunza orodha ya safari iliyogongwa muhuri na kampuni. Kwa mtu wa mshahara kubeti ni doa kwenye taarifa. Kwa mtu wa misimu kunaifanya taarifa yote isisomeke.

Nina wifi yangu anayeishi Reading, Uingereza, ambaye ni muuguzi, na mwaka aliponunua nyumba tulilinganisha mambo kwa simu. Huko, tangu Aprili 2014, kanuni za msimamizi wa masoko ya fedha zinamlazimu mkopeshaji kuthibitisha mapato na kupima matumizi ya mwombaji, na taarifa ya benki inayoombwa mara nyingi ni ya miezi mitatu. Kule nako kubeti hakumo kwenye kumbukumbu za mikopo, bali kunaonekana kwenye taarifa ya benki, na majina ya kampuni yanasomeka waziwazi kwa kuwa watu hulipa kwa kadi. Wamekwenda mbele yetu katika mambo mawili: tangu tarehe 14 Aprili 2020 ni marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo, na benki kadhaa zina kitufe ndani ya programu zao ambacho mteja akikibonyeza malipo ya kubeti hukataliwa. Kitufe hicho ningependa kukiona hapa, na kwetu kingefaa zaidi kikiwa upande wa simu, maana huko ndiko fedha zinakopita.

Sasa, anayetaka mkopo afanye nini? Kama taarifa itaombwa ya miezi sita, kuacha kubeti wiki mbili kabla ya kuomba hakubadilishi kitu, na kusimama ghafla baada ya miezi ya miamala ya kila siku huonekana kama mtu aliyeambiwa asafishe faili. Hesabu kipindi chote kitakachosomwa, kisha anza hapo. Wakati huohuo rudisha matumizi ya nyumbani kwenye akaunti kadiri inavyowezekana: lipa umeme, ada na kodi moja kwa moja kutoka benki, ili kinachohamia kwenye simu kiwe kidogo na kieleweke. Na peleka taarifa ya simu hata kama haijaombwa. Yule kijana wa Sakina angejisaidia sana kwa hilo peke yake.

Kitu chenye nguvu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kujilipa rejesho kabla ya kupewa mkopo. Kama rejesho litakuwa 556,500 na sasa unalipa kodi ya nyumba ya 200,000, tofauti ni 356,500. Siku mshahara unapoingia hamisha tofauti hiyo kwenye akaunti ya akiba isiyo na kadi, na usiiguse. Ukifanya hivyo kwa miezi sita umepata zaidi ya milioni mbili za mchango wako, na zaidi ya hapo umemwonyesha afisa kitu ambacho barua haiwezi kuonyesha, kwamba unaishi kwa kile kitakachobaki. Nimewahi kutetea faili lenye mikeka ya kila Jumamosi kwa sababu ya mistari sita ya namna hiyo, na likapita. Anayeona kwamba hawezi kufika mwezi wa tatu bila kuirudia akiba yake amepata jibu kabla ya kulipia uthamini na wakili, na ni jibu la bei nafuu.

Ukiulizwa kuhusu kubeti, jibu kwa maandishi. Waombaji hawajui kwamba afisa wa tawi hana neno la mwisho. Yeye huandika ripoti inayokwenda kwenye kamati ya mikopo, mara nyingi Dar es Salaam, kwa watu ambao hawatakuona uso na hawajui Sakina iko wapi. Afisa anayekupenda bila maandishi mkononi hana cha kupeleka. Barua ya nusu ukurasa inatosha: ulikuwa ukitumia kiasi gani kwa wastani, uliacha au ulipunguza lini, na taarifa inaonyeshaje hivyo. Usiandike kwamba simu ilikuwa ikitumiwa na mdogo wako. Sentensi hiyo kila afisa ameisoma, na kila afisa ana mdogo wake.

Jambo la mwisho ni muda kati ya barua ya kukubaliwa na siku fedha zinapotoka. Barua hutoka, watu husherehekea, halafu kunafuata uthamini wa nyumba, uchunguzi wa hati, saini za wakili, na usajili wa rehani kwa Msajili wa Hati. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi, na zaidi kama hati ina kasoro ya jina au mpaka. Barua nyingi za mkopo zina kipengele kinachoiruhusu benki kusitisha endapo hali ya mkopaji itabadilika kabla ya fedha kutoka, na benki ikiona shaka huomba taarifa mpya ya mwezi mmoja au miwili. Katika faili moja niliyoshughulikia, taarifa hiyo mpya ilikuja ikiwa na mkopo wa simu na madau ya usiku kwa wiki tatu mfululizo, wakati wakili alikuwa ameshalipwa na hati iko tayari kwa Msajili. Fedha hazikutoka, na gharama za wakili na mthamini hazikurudishwa.